Kutegea na Kutegemea

Mwalimu Zefania tulimzika Jumanne moja ya jua kali, na mpaka naingia kwenye ua wa nyumba yao, Ilala, nilikuwa bado sijui nimefuata nini. Sikuwa nimemwona kwa miaka ishirini na sita. Nilikaa kwenye viti vya nyuma, karibu na masufuria, nikawasikia wanawake wawili waliokuwa wakimenya vitunguu wakizungumza habari zake kwa sauti ya chini. "Alisumbuka sana mwishoni," mmoja alisema. "Wala siyo maumivu. Woga. Kila aliyeingia chumbani anaombwa msamaha, hata nesi aliyekuja kumchoma sindano, mtu hamjui wala hajamkosea." Mwenzake alifuta machozi ya vitunguu kwa kiwiko, akauliza, "Sasa mtu mwema vile, anaogopa nini?" Nilitaka kugeuka nimjibu. Nilikijua alichokiogopa. Alinifundisha mwenyewe kukiogopa, mwaka niliotimiza miaka ishirini na mmoja, na ingawa chumba alichotufundishia kimeshabomolewa na mahali pake pamesimama ghorofa la vioo, bado ziko siku ninaposhuka ngazi yoyote nikishika ukuta.

Mwaka ule nilikuwa nauza vifungo. Duka la Mama Mkubwa, pale Mtaa wa Sikukuu, lilikuwa jembamba kiasi kwamba watu wawili hawakuweza kupishana bila mmoja kugeuka ubavu, na kuta zake zote zilijaa zipu, lastiki, lesi na uzi wa kila rangi. Mafundi cherehani walikuja tangu asubuhi, wanasimama mlangoni na kipande cha kitambaa mkononi: "Dada, nipatie uzi wa rangi hii. Siyo hiyo bwana, hii!" Nilifanya kazi na Magreth, msichana wa Marangu aliyenizidi mwaka mmoja, mrefu, mwepesi wa kucheka, ambaye aliweza kukata lesi bila rula na isipinde. Tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya Bi Mwanaidi, mjane aliyezaliwa Kariakoo na aliyekuwa akiwajua wote waliowahi kupita kwenye ukumbi wake. Tulilala kitanda kimoja na kupikia uani. Jioni Bi Mwanaidi alikuwa akitupitishia chapati dirishani, akisema zimebaki, na sote watatu tulijua hazikubaki. Nikikumbuka leo, nadhani hizo chapati zilikuwa mahubiri mazuri kuliko yote niliyoyasikia mwaka ule, lakini sikuwa na masikio ya kuyasikia. Masikio yangu yalikuwa juu, ghorofa ya pili, nyumba ya tatu kutoka dukani.

Magreth ndiye aliyenipeleka. Kikundi kile cha maombi hakikuwa na jina wala kibao. Kilikuwa chumba tu nyuma ya karakana ya kushona sare za shule, chenye mabenchi sita na dirisha lililoangalia mapaa ya mabati. Tulikuwa watu kama thelathini, wengi vijana wa maduka. Mwalimu Zefania alikuwa amefundisha hesabu shule ya msingi kabla ya kuacha kazi ili atufundishe sisi. Niseme wazi, kwa kuwa watu wakisikia habari hizi huwaza tapeli: hakuwa tapeli. Hakupitisha kapu la sadaka hata siku moja. Alivaa mashati mawili, la bluu na jeupe, na alifunga kula kuliko yeyote kati yetu. Aliamini kila neno alilotuambia. Ndiyo maana tulimwamini.

"Neema inakufikisha mlangoni," alikuwa akisema, taratibu, kama mtu anayeandika ubaoni. "Damu imefuta ya nyuma. Lakini kuingia ni utii, na utii hauna nusu. Hesabu ina jibu moja. Ukikosea tarakimu moja, umekosea. Mimi sikuwa natoa nusu ya tiki, na Mungu naye hatoi." Kisha, kila Jumapili, kabla hatujaondoka, alituuliza swali lile lile, bila kupaza sauti: "Ukianguka kwenye ngazi hizi unazoshuka sasa hivi, ukafa, utaamka wapi?" Halafu tunashuka. Ngazi ishirini na tatu za saruji, zenye giza hata mchana, na watu thelathini wanashuka bila kuzungumza, kila mmoja ameshika ukuta, kila mmoja anapekua moyo wake haraka kabla hajafika chini.

Ilianza na mambo madogo. Mama mmoja aliniuliza kama zipu ni imara, nikamjibu ni imara kabisa, akaondoka. Nikabaki na ile "kabisa" kooni. Nilijuaje? Nilikuwa nimeijaribu? Niliruka meza, nikamkimbilia hadi Mtaa wa Kongo katikati ya watu na matoroli, nikamshika mkono. Alidhani mimi kibaka, akapiga kelele. Nilipomweleza, akaniangalia kwa huruma ya namna fulani, akasema, "Mwanangu, nenda kapumzike." Mama Mkubwa, aliyekuwa mtu wa kanisa maisha yake yote na aliyeimba alto kwaya ya akina mama, alinisubiri mlangoni na mikono kiunoni. "Wewe Aneth, hiyo siyo wokovu. Hiyo ni homa." Nikamwombea, maana nilimwona amepotea. Kuvuka barabara ya Msimbazi kulinichukua muda mrefu, kwa sababu kabla ya kukanyaga lami ilinibidi kwanza nitubu kila nilichokikumbuka. Nilipunguza maneno, kwa kuwa kila neno lilikuwa na hatari yake. Alfajiri mimi na Magreth tulipiga magoti kando ya kitanda tukaomba, na siku moja Bi Mwanaidi, ambaye naye alikuwa ametoka kuswali, alitukuta uani tunachota maji. "Shikamoo, Bi Mwanaidi." "Marahaba, wanangu." "Samahani, mimi mambo ya dini yenu siyajui. Lakini mbona mnaomba kama watu wanaokimbizwa?" Magreth alicheka. Mimi sikucheka.

Mwezi wa sita baba yake Magreth aliletwa mjini kutibiwa. Alifikia kwa mpwa wake, Buguruni, chumba cha uani kilichotazamana na gereji, na ini lake lilikuwa limeharibika kiasi kwamba tumbo lilisimama kama la mjamzito wakati mikono ilikuwa mifupa. Alikuwa amekunywa mbege tangu ujana, na akawa mlevi wa kujulikana, huku kila Jumapili akiwa kwenye benchi lake kanisani. Magreth mwenyewe alimpelekea Mwalimu habari, kwa kuwa hatukuficha kitu. Jibu lilikuwa wazi: mlevi anayeijua kweli na hajatubu hadharani, mtakatifu haketi naye wala hali naye. "Ukila naye, unamwambia yuko salama," Mwalimu alisema. "Huo ni uongo, Magreth. Utamzika na uongo wako." Magreth aliinamisha kichwa, akasema, "Nimesikia, Mwalimu."

Lakini nyumbani alianza kupika mtori. Aliamka kabla yangu, anachemsha ndizi na nyama uani, anaponda, anajaza hotpoti na kuifunga kwa kanga, na saa saba mchana, badala ya kula na mimi nyuma ya duka, anasema anakwenda kumwona shangazi. Siku ya nne niliuliza. Hakudanganya. "Anameza vijiko vitatu, Aneth. Vijiko vitatu tu, kisha anashika mkono wangu analala. Mimi nimwambie nini, atubu ndiyo nimlishe?" Nilimwambia sijui. Akanishika bega. "Usimwambie mtu." Nikaitikia.

Kule kuitikia ndiko kulikonimaliza. Kwa wiki mbili nilishuka zile ngazi nikiwa na dhambi ya mtu mwingine kifuani. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba anayeficha ni sawa na anayetenda, na mimi niliona kabisa nikianguka ngazi ya tisa, niliona kichwa changu kikigonga saruji, niliona nitakapoamkia. Nilimpenda Magreth kuliko dada yeyote niliyekuwa naye, na nilijua alichokuwa akifanya kilikuwa chema. Hili ndilo sijawahi kulielewa vizuri mpaka leo, kwamba nilijua. Moyo wangu uliona wema, na woga wangu uliona kosa, nikaufuata woga na kuuita utii. Jumapili ya tatu Mwalimu aliuliza, kama kawaida, "Nani ana neno?" Nikasimama. "Naomba kusema kwa ajili ya dada Magreth," nilisema, na kabla sijamaliza sentensi alikuwa ameshageuka kuniangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyesikia mlango ukifungwa nyuma yake. Nilisema yote: mtori, hotpoti, shangazi ambaye hakuwepo. Nilipokaa nilihisi nimetua mzigo, nilihisi mwepesi, nilihisi safi. Nauandika wepesi ule hapa kwa sababu ndio ninaouonea aibu zaidi.

Jumatano yake, mchana, Mwalimu alikwenda Buguruni. Alituchukua mimi na mwenzetu mmoja, fundi saa, tuwe mashahidi. Tulimkuta Magreth amekaa ukingoni mwa kitanda, kijiko mkononi, na kule nje gereji inagonga bati mfululizo. Mzee alikuwa ameegemezwa mito miwili. "Karibuni, karibuni," alisema, "Magreth, wape wageni stuli." Hakuna aliyekaa. Mwalimu aliongea kwa heshima. Alimwita mzee wangu, alimpa pole, kisha akamuuliza kama yuko tayari kutubu ulevi wake mbele yetu na kuanza kumtii Mungu kikamilifu kwa siku alizobakiwa nazo.

Mzee alicheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. "Nitubu, nimetubu mara nyingi kuliko umri wako. Natubu asubuhi, jioni niko kilabuni. Sasa siwezi tena kunywa, lakini usiniandikie hiyo kama utii, Mwalimu. Haipiti tu." Akapumzika. "Ukiniuliza nina nini cha kumpelekea, sina. Nimejipekua humu kitandani, sina hata kimoja. Kwa hiyo namtegemea yeye. Nimebakiwa na hilo tu."

"Mzee wangu," Mwalimu alisema, "huko siyo kutegemea. Huko ni kutegea. Mtu hafanyi kazi siku nzima, jioni anapanga foleni ya mshahara."

Kelele za gereji zilikoma ghafla, kama nazo zilitaka kusikia. Mzee aliifikiria ile hoja kwa dhati, nakumbuka alivyokunja paji la uso, akiipima kama mtu anayepima neno la mwenzake na siyo la adui. "Labda," alisema mwishowe. "Labda ni kweli. Basi mimi ni mtegeaji ninayemtegemea. Akinifukuza, atakuwa na haki. Ila sidhani kama atanifukuza."

"Hudhani," Mwalimu alisema, na sauti yake ilipasuka kidogo. Wakati ule nilisikia ghadhabu. Leo, baada ya maneno ya wale wanawake wa vitunguu, najua nilisikia kitu kingine: mtu aliyekuwa amefanya kazi siku nzima, bila kupumzika, na hakuwahi kuwa na uhakika hata nusu ya ule aliokuwa nao yule mlevi. Aligeuka. "Magreth, twende. Ukibaki hapa, umechagua."

Magreth hakusogea. Aliangalia kijiko, akaangalia baba yake. Mzee ndiye aliyemrahisishia, na sijui kama alipaswa. "Nenda, mwanangu. Usigombane na watu wako kwa ajili yangu. Utakuja siku nyingine." Magreth akasimama kama mtu anayeota. Hakuona mkoba wake ulipo. Mimi niliuona, kwenye msumari nyuma ya mlango, nikautungua, nikampa. Ndicho nilichokifanya katika chumba kile. Nilimshikia mkoba ili atoke haraka.

Hakukuwa na siku nyingine. Magreth aliapa mbele ya kikundi kwamba hatakwenda tena mpaka baba yake atubu, na akatengwa na meza ya Bwana kwa miezi mitatu ili anyooke. Alikuja kazini, akakata lesi. Tulilala kitanda kimoja migongo ikitazamana. Mama Mkubwa alimwambia, "Binti, nenda kwa baba yako, mimi nitajibu mbele za Mungu," akamjibu kwamba ameapa. Siku ya nane, saa nne asubuhi, duka limejaa, yule mpwa wa Buguruni alisimama mlangoni akiwa amevaa kandambili zisizofanana. "Dada Magreth yupo?" Magreth alikuwa anapima lastiki ya mteja. Aliipima mpaka mwisho, akaikata, akaikunja vizuri, akampa yule mama na kumwambia karibu tena. Kisha akaketi sakafuni, pale pale kati ya meza na ukuta, na hatukuweza kumnyanyua.

Msiba ulikaa Buguruni siku mbili wakisubiri gari la kupeleka mwili Marangu. Bi Mwanaidi alikuja na wanawake wanne wa mtaa wetu, wakachukua upande wa mapishi bila kuuliza chochote. Mimi nilikwenda nikajichimbia kwenye vyombo. Niliosha sahani za watu mia, nikasugua masufuria mpaka vidole vikachubuka, nikakataa kupokezana na mtu. Mwalimu alifika siku ya pili mchana, shati jeupe, peke yake. Magreth alinyanyuka kwenye mkeka akamfuata katikati ya ua, kanga kiunoni, macho makavu.

"Mwalimu. Baba yuko wapi?"

Mwalimu alisimama juani, mikono imening'inia. "Mimi nilimtii Mungu, Magreth," alisema.

"Na mimi nilikutii wewe," Magreth alisema. "Baba alimwita nesi kwa jina langu. Alidhani ni mimi." Halafu akamwacha pale pale, akaja moja kwa moja nilipokuwa nimechuchumaa kwenye beseni. Nilijua anakuja kunipiga, na nilitaka anipige. Alichuchumaa mbele yangu. "Aneth. Nilitoka mle ndani kwa miguu yangu mwenyewe. Unanisikia?" Sikuweza kuinua uso. Nilisikia hukumu, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kusikia hukumu tu. Nilisema nitafanya chochote, aniambie nifanye nini. Akasimama, akarudi kwa wafiwa. Kesho yake gari liliondoka naye, na hakurudi tena mjini.

Kikundi nilikiacha kabla mwaka haujaisha. Siyo kwa ushujaa. Siku moja nilifika chini ya zile ngazi miguu ikakataa kupanda. Kilivunjika chenyewe baadaye, watu wakachoka kuogopa. Nilirudi kukaa na Mama Mkubwa kanisani kwake, nikasikia neema ikihubiriwa tena na tena, nikasema amina, na nikiwa nasema amina niliendelea kulipa. Nilimwandikia Magreth barua nikazipeleka kwa watu waliokuwa wakienda Marangu. Nilimwambia nimefunga siku saba kwa ajili yake. Nilimwambia nimeacha nyama. Nilimwambia nahudumia wagonjwa kila Jumamosi, na ilikuwa kweli, nilifanya hivyo miaka mingi, na baadhi ya wagonjwa wale waliniambia mimi ni malaika. Hakujibu hata moja. Nikahitimisha kwamba bado hazijatosha.

Jumanne ile, baada ya kurudi kutoka makaburini, nilikuwa natafuta viatu vyangu kati ya mamia pale mlangoni niliposikia jina langu. Nilimtambua kwa urefu. Mvi zilikuwa zimemjaa, naye alitembelea fimbo.

"Umenenepa," alisema.

"Na wewe umezeeka."

Tulicheka, kisha hatukujua la kufanya na mikono yetu. Nilimuuliza amefuata nini kwa mtu huyu, safari yote ile. Akashusha pumzi. "Alinipigia mwaka juzi, namba sijui aliipata wapi. Nilidhani ataomba msamaha, nilikuwa nimejiandaa kumkatia. Hakuomba. Aliniuliza, 'Baba yako alikufaje? Nani alikuwa naye?' Nikamweleza. Halafu akasema, 'Endelea.' Basi nikaendelea, Aneth. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Ndiyo maana nimekuja."

"Mimi nilikuandikia," nilisema. "Barua kumi na moja."

"Nilizipata zote."

"Na hukuweza kunisamehe."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilikusamehe kabla hatujapakia jeneza. Nilikuja nikakwambia kwenye beseni, ukaniuliza ufanye nini. Ungefanya nini? Baba alikuwa ameshakufa. Halafu zikaanza hizo barua. Umefunga, umeacha nyama, umehudumia wagonjwa. Kila barua umeleta orodha ya kazi. Barua kumi na moja, Aneth, na hakuna hata moja uliyoniuliza, Magreth, unaendeleaje?"

Mdomo ulinijaa maneno. Nilikuwa na mengine ya kumletea, miaka ishirini na sita ya mengine, na yalijipanga yenyewe tayari kutoka. Sijui nikiite nini kilichonizuia, sikukifanya mimi. Ninachojua ni kwamba kwa mara ya kwanza niliona mwanamke aliyesimama mbele yangu, ameegemea fimbo kwa sababu mguu unamuuma, hajala tangu asubuhi, na nyuma yake maisha marefu ambayo sikujua hata siku yake moja.

"Unaendeleaje, Magreth?" nikasema.

Akanipima kidogo, kuona kama nimemaanisha. Kisha akavuta viti viwili kwenye kivuli cha turubai, akajishusha taratibu, akaanza tangu siku ile lile gari lilipofika Marangu. Saa kumi na moja walikuja kufungua turubai juu ya vichwa vyetu, tukasogeza viti ukutani, na alikuwa bado hajavuka mwaka wa tatu.